Maili za Mama: siku sita Mombasa

Alhamisi

Nimetua Uwanja wa Moi saa kumi na moja jioni, mvua ya masika imesimama kidogo tu, lami bado inafuka mvuke. Tiketi ya kutoka Nairobi nimeilipa pesa. Maili, zile pointi ambazo mashirika ya ndege humpa msafiri, sikuzigusa, ingawa ninazo, na safari yenyewe nimeifunga kwa ajili ya maili.

Hesabu nilishaipiga wiki sita nyuma. Kiti cha kuja tu kilikuwa shilingi 6,200. Kwa maili ningetoa 8,000 na juu yake nilipe kodi na ada shilingi 1,800, kwa sababu tiketi ya maili haimsamehe mtu kodi. Yaani maili 8,000 zingeniokolea shilingi 4,400, senti 55 kwa kila maili. Mimi nimejiwekea mpaka wa shilingi moja. Maili isiponiokolea shilingi nzima inabaki kwenye akaunti, nami natoa pesa. Mei Mombasa haina wageni wengi na nauli ziko chini. Kutoa maili wakati huo ni kupeleka mbuzi mnadani siku ambayo kila mtu kaja na mbuzi wake. Desemba, kiti kilekile kinapopanda mara mbili au tatu, hapo maili hupata nguvu.

Teksi imepita Changamwe, ikakwama Makupa, na adhana ya magharibi imenikuta naingia Kibokoni. Mama alikuwa anakanda unga wa mahamri ya kesho. Bakuli la tui kando, iliki inanukia ukumbi mzima, mikono yake nyeupe hadi kwenye vifundo. Nikambusu kwenye kipaji, mkono haushikiki.

"Masalkheri, Mama."

"Masalkheri, mwanangu. Zile maili zangu zimefika?"

Aliuliza kama anayeulizia kifurushi kilichotumwa kwa basi.

Ijumaa

Wanaume wamerudi msikitini, pilau imeliwa, tumebaki wawili ukumbini na bati la biskuti katikati yetu. Ndani ya bati kuna pasi zangu zote za kupandia ndege za miaka mitatu, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka. Nyingine wino umefifia hadi hausomeki, ndiyo maana sasa kila pasi naipiga picha kabla sijaiweka.

Pasi hizi zimeshaniokoa. Kitambulisho na pasipoti yangu vinasema Fatuma, lakini mimi tangu utotoni ni Fatma, na akaunti ya maili niliifungua kwa jina la Fatma. Safari zangu mbili za mwanzo hazikuingia kwa sababu ya hiyo "u" moja. Ilibidi nitume nakala ya pasipoti, jina lirekebishwe, kisha nidai safari moja moja kwa namba ya tiketi na pasi yake. Muda wa kudai kwa kawaida ni kati ya miezi sita na mwaka. Ukiupitisha, maili hizo zimekwenda.

Mama akaokota pasi moja, akaigeuza nyuma na mbele. "Hizi ni kama Bonga?"

Ni kama Bonga, zile pointi za Safaricom, nikamwambia, ila Bonga ni mfuko mmoja na huku mifuko ni mingi. Mashirika ya ndege hukaa kwa makundi. Ethiopian iliingia Star Alliance Desemba 2011, na humo wamo pia Turkish, EgyptAir na South African. Kenya Airways imo SkyTeam tangu 2010, pamoja na Air France, KLM na Saudia. Ukipanda ndege ya shirika lolote ndani ya kundi, unaweza kuingiza maili kwenye akaunti ya shirika jingine la kundi hilohilo. Lakini safari moja huingia akaunti moja tu. Haigawanyiki wala haihamishwi ukishajuta.

Na mimi nilijuta. Miaka yangu ya mwanzo kazini kila shirika nililopanda nilijiandikisha kwake. Entebbe nikaingiza huku, Cairo kule, Istanbul kwingine. Nikawa na akaunti nne, kila moja na maili za kumfikisha mtu nusu ya njia. Nilipokaa chini nikajiuliza Mama anataka kwenda wapi, jibu likawa moja, Makka. Nikajiuliza ndege gani inamchukua Mombasa hapahapa bila kumpandisha kwanza Nairobi, nikaona Ethiopian: Mombasa, Addis Ababa, Jeddah. Tangu siku hiyo kila safari ya Star Alliance, iwe Johannesburg kwa South African au Cairo kwa EgyptAir, naiingiza ShebaMiles, mpango wa Ethiopian. Watu wengi huanza kwa kuuliza mpango gani ni bora. Mimi nashauri uanze na mji unaotaka kufika na kiwanja unachoondokea, kisha uangalie ni mpango gani unaunganisha viwili hivyo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja.

"Tiketi hizo zote nani alilipa?"

"Ofisi."

"Basi maili ni za ofisi. Mie siendi Umra kwa kitu cha watu."

Nilikuwa nimejiandaa. Miaka miwili iliyopita niliwaandikia idara ya watumishi nikauliza, na jibu lao ninalo kwenye simu: maili na pointi ni za mfanyakazi, mradi asichague tiketi ya bei kubwa ili kupata maili zaidi. Nikamsomea. Akanitaka nisome tena, polepole.

"Na wewe hukuchagua ya bei kubwa?"

Nikamwambia ukweli. Mara moja nilikwenda Johannesburg kwa kupitia Addis wakati ya moja kwa moja ilikuwapo. Bei ilikuwa sawa, ila njia ilikuwa ndefu kwa saa tano na zaidi.

"Saa za ofisi nazo ni mali."

"Ilikuwa Jumapili, Mama. Siku yangu."

Akafikiri kidogo, akarudisha pasi kwenye bati. "Haya. Hiyo ni yako." Nikahisi mabega yangu yameshuka.

Sijaona mtu akilizungumza jambo hili, na nadhani tulizungumze. Maili ina thamani ya pesa, na kitu chenye thamani kina mwenyewe. Kama ofisi yako haijasema, uliza kwa maandishi. Na kwa maili za kadi ya mkopo, mwenzangu mmoja alinionyesha jinsi anavyokusanya, na salio la kadi lilikuwa linavuta riba kila mwezi. Ukiacha suala la riba kidini, ambalo nyumbani kwetu halina mjadala, hata kwa hesabu tupu riba ya miezi michache hula thamani ya maili zote.

Jambo la mwisho la leo: tarehe. Maili za ShebaMiles huishi miaka mitatu. Za safari zangu za kwanza zingeanza kufutika mwishoni mwa mwaka huu, ndiyo maana nimekuja sasa.

Jumamosi

Asubuhi kwa wakala wa Umra, karibu na Marikiti. Mama amevaa buibui jipya na amekuja na pasipoti yake ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko wa kitambaa, ndani ya mkoba.

Mawakala huuza kifurushi kizima: tiketi, viza, hoteli ya Makka na ya Madina, basi na ziara. Ukiuliza bei unapewa namba moja, na ndani ya namba hiyo huoni kipi ni kipi. Nikamwomba bei bila tiketi. Alinyamaza kidogo, akaita kijana wake, wakapiga hesabu upya. Inawezekana. Ukiwa na maili, swali hilo liulize mapema, kabla hujatoa hata amana, kwa sababu tiketi za kundi zikishanunuliwa hakuna wa kukurudishia sehemu yako.

Kisha hoteli. Ya Makka kwenye kifurushi chake iko mbali, unapelekwa Haram kwa basi na kurudishwa kwa basi. Kwa magoti ya Mama, basi mara tano kwa siku ni adhabu. Hapa zikaingia pointi za aina ya pili.

Nikienda kwenye mikutano ya Nairobi inayolaza watu, mara nyingi tunalazwa Westlands, Mövenpick au ibis Styles, na zote mbili ni za kundi la Accor. Pointi za Accor hazina kitendawili: kila pointi 2,000 ni yuro 40 za kupunguza bili. Ninazo 14,000, yaani yuro 280. Ukichukua shilingi 150 kwa yuro, ni shilingi 42,000. Na pale Makka, kwenye yale majengo ya mnara wa saa yanayoitazama Haram, Fairmont, Swissôtel na Raffles zote ni za Accor. Pointi nilizopata kwa kulala Westlands zinamlaza Mama mahali anapotoka kwenye lifti na kuingia uwanja wa msikiti. Nilipomweleza hakusema kitu, alinishika tu mkono pale kwenye kiti cha wakala.

Pointi hizi si za usiku wote. Tumepanga usiku nne Makka, pointi zikate sehemu, nami nilipe iliyobaki. Novemba bei inavumilika. Ramadhani vyumba hivyohivyo havishikiki. Viza, usafiri na Madina tumemwachia wakala.

Kosa moja nililolifanya zamani, nalitaja ili mwingine asilirudie. Nililala usiku tatu katika mji mmoja wa jirani, katika hoteli yenye mpango wa pointi, lakini nafasi niliiweka kupitia tovuti ya watu wa kati kwa sababu ilikuwa nafuu kwa dola chache. Siku ya kuondoka nikauliza pointi zangu, wakaniambia hakuna. Karibu makundi yote makubwa ya hoteli yako hivyo: wanahesabu usiku ulioweka kwao wenyewe. Tovuti hizo nazitumia kwa hoteli zisizo na mpango wowote. Pale zina faida yake, Booking.com, kwa mfano, hukupandisha daraja la pili la Genius, mpango wake wa punguzo, ukishafikisha nafasi 5 ndani ya miaka miwili, na punguzo huonekana.

Jioni bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, muhogo wa kukaanga na pilipili, meli kubwa ikiingia Kilindini taratibu kama inayovutwa na uzi.

Jumapili

Leo tumelala Bamburi. Mama ana miaka 66, amezaliwa Mombasa, ameolewa Mombasa, na hajawahi kulala hoteli ya pwani hata siku moja. Wakati baba yupo hai ilikuwa ada ya shule, baadaye ikawa mahamri, kila alfajiri, mvua na jua. Bahari ya Bamburi ameiona kutoka mchangani kwenye sikukuu za Idi, akiwa na sufuria la biriani.

Huku pointi za Accor hazina kazi. Hoteli kubwa za Nyali, Bamburi na Shanzu kwa sehemu kubwa ni za makampuni ya hapa nchini, na pwani silaha ya mtu wa hapa ni bei ya wakaazi, hasa kati ya Aprili na Juni hoteli zinapotafuta watu. Nilipiga simu moja kwa moja. Nilikuwa nimeshaiona bei ya kwenye tovuti, nikamwambia dada wa mapokezi bei hiyo na kwamba natafuta chumba cha watu wawili, kifungua kinywa na chakula cha jioni, siku ya Jumapili. Tovuti hukata hoteli kamisheni ya asilimia 15 na zaidi, kwa hiyo nafasi ya kukupunguzia ipo ukiomba kwa adabu. Alinipa bei chini ya ile, na akaniongezea kutoka saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi. Jumapili pia ni siku ya kuchagua: watu wa wikiendi wanaondoka, vyumba vinabaki.

Mapokezi wametaka vitambulisho, maana bei ya wakaazi haitolewi kwa mdomo. Mama amekiacha chake nyumbani, chini ya mto. Nikaanza kuhesabu nauli ya tuktuk kwenda na kurudi. Yeye akafungua mkoba, akatoa mfuko wa kitambaa, akatoa mfuko wa plastiki, akaweka pasipoti mezani.

Chumbani alikaa kwanza kwenye kiti, si kitandani. Alipitisha kiganja juu ya shuka, akakunja pembe yake kuangalia mshono, kama anavyofanya akinunua leso Barabara ya Biashara. Akatoka barazani. Maji yalikuwa yamejaa, kusi inavuma, minazi yote imeinamia upande mmoja. "Bahari hii hii," akasema. Akakaa hapo mpaka isha.

Chakula cha jioni kilikuwa cha kujipakulia. Alionja mkate wa sinia, akasema tui limezidiwa na maji. Mchuzi wa samaki wa kupaka aliusifu.

Jumatatu

Nimeamka nikamkuta Mama ameshaamka tangu kumi, saa yake ya mahamri, amekaa barazani na tasbihi. Mtandao wa hoteli uko sawa, nikasema tukate tiketi hapahapa.

Viti vya maili si viti vyote vya ndege. Shirika hutenga vichache, na vikiisha utaona ndege ina nafasi kwa pesa lakini kwa maili haina. Kwa hiyo sikuanza na tarehe moja. Nilifungua wiki tatu za Novemba, nikatafuta siku ambazo kwenda na kurudi vyote vina kiti, nikapata Jumanne kwenda na Alhamisi kurudi. Siku hizo za katikati ya wiki ndizo zinazobaki mara nyingi, wasafiri wengi wanataka Ijumaa na Jumapili.

Kwa Mama ilitoka maili 45,000 pamoja na kodi na ada shilingi 24,000. Tiketi hiyohiyo kwa pesa siku hiyo ilikuwa shilingi 78,000. Maili zimeokoa shilingi 54,000, yaani shilingi moja na senti 20 kwa maili. Juu ya mpaka wangu. Maili za watu wawili sina, kwa hiyo yangu nimelipa pesa, na yangu ndiyo itakayoingiza maili mpya. Tiketi ya maili haizai maili. Nimeangalia pia herufi ya daraja la tiketi yangu kabla ya kulipa. Ndani ya daraja la kawaida kuna bei nyingi, kila moja na herufi yake, na zile za chini kabisa huingiza sehemu tu ya maili za njia. Tofauti ya bei ya herufi iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko maili ambazo ingeniletea, nikabaki na ya chini.

Kabla ya kubonyeza, nilisoma sehemu ya kughairi. Viza haijatoka bado, na nilitaka kujua tukikwama maili zitarudi kwa ada gani. Hakuna kinachoumiza kama kusoma hayo baadaye.

Jina la Mama niliandika huku pasipoti iko wazi juu ya goti langu, yeye akinitajia herufi moja moja kwa sauti ya chuoni, kama anayemsikiliza mwanafunzi. Ile "u" yangu nimeisimulia sana nyumbani, hataki yamkute.

Kisha nikapiga simu kwa shirika, maana kazi ilikuwa haijaisha. Tiketi ya maili na tiketi ya pesa ni nafasi mbili tofauti, na kompyuta haijui kwamba huyu ni mama na huyu ni mwanawe. Ndege ikibadilishwa, mmoja anaweza kuhamishwa na mwingine akaachwa. Nimeomba waandike kwenye kila nafasi kwamba tunasafiri pamoja, watuweke viti vya jirani, na Mama apatiwe kiti cha magurudumu Mombasa, Addis na Jeddah. Huduma hiyo haina malipo, ila iombwe mapema, si siku ya safari ukiwa kwenye foleni.

"Na Zamzam?" akauliza Mama kutoka barazani. Dumu la uwanja wa Jeddah ni la lita 5. Nikamuuliza dada wa simu kuhusu mizigo ya kurudi, nikaandika jibu lake pamoja na tarehe na saa ya simu.

Na kwa kuwa kujiandikisha ni bure, nimemfungulia Mama akaunti yake mwenyewe. Safari hii haitaingiza kitu, lakini ndugu yake yuko Muscat na anamwita kila mwaka. Namba imekuja kwa ujumbe. Aliitaka kwenye karatasi.

Jumanne

Treni ya mchana kutoka Miritini, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Nauli ya ndege ya leo ilikuwa imepanda na maili zangu za SkyTeam nimeamua zikae; Saudia wamo kundi hilo na wanaruka Nairobi kwenda Jeddah, na kaka yangu naye ana mama mkwe.

Mama hakuja stesheni, hapendi kuagana kwenye watu. Alinipa mahamri kumi na mawili kwenye karatasi na mbaazi kwenye kopo la siagi. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni alichukua lile daftari lake la madeni, ambamo kila nyumba ya mtaa ina ukurasa, akanitaka nimtajie tena zile herufi sita za kuitambulisha nafasi yake ya ndege na sita za yangu. Akaziandika kwa penseli, ukurasa mpya, juu kabisa, chini yake namba yake ya maili. Kisha akanisomea zote tangu mwanzo, nikiwa nimeshika simu nikifuatisha kwa kidole.

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa, Mama."

Akapiga mstari chini yake kwa rula.